Fundi wa Arobaini na Nne

Vuta kiti ukae, maana mtu ninayetaka kukusimulia hakupenda kuelezwa kwa haraka. Kama hujui chochote kuhusu injini za mvuke, usiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu Morogoro, nikaja Toronto, na yote ninayoyajua kuhusu mvuke nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akipiga deki korido za jengo letu huko Scarborough. Tutakwenda polepole, na penye ugumu nitarudia.

Tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kisanduku cha barua kama majina yetu sote, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito, na alivaa ovaroli ya bluu aliyoipiga pasi mwenyewe mpaka ikawa na mistari. Ndani ya ovaroli alifunga tai. Siku ya kwanza nilipoiona tai ile nilidhani anaelekea mahali.

"Shikamoo Fundi. Leo kuna harusi?"

"Marahaba Mwalimu. Hakuna harusi. Kuna korido."

Akaendelea kupiga deki.

Kwenye pochi yake aliweka picha moja ambayo rangi zake zilikuwa zimeanza kukimbia. Kijana mwenye nywele nyingi amesimama kwenye theluji kando ya gurudumu la chuma, na gurudumu hilo linamfika kifuani. Ukitazama vizuri unaona mengine yanafuata, matano upande huo, yote ya ukubwa mmoja, yameunganishwa kwa fito nene za chuma. "Hiyo ndiyo Arobaini na Nne," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayekutambulisha kwa shangazi yake.

Hapa nieleze. Watu wa reli hupanga injini zao kwa aina, na kila aina huwa na namba yake. Wajerumani waliipa namba arobaini na nne injini yao nzito ya mizigo, ya kuvuta makaa ya mawe, mawe ya chuma na mabehewa marefu kupanda milima. Magurudumu kumi yalisukuma kwa pamoja ili chuma kishike reli kisiteleze. Na ilikuwa na silinda tatu. Silinda, alivyonieleza, ni kama pampu ya baiskeli iliyogeuzwa kazi. Kwenye pampu wewe unasukuma fimbo, hewa inatoka. Kwenye injini mvuke unaingia, unaisukuma fimbo, na fimbo inazungusha gurudumu. Injini nyingi zilikuwa na silinda mbili, moja kila upande, kila mtu anaziona. Arobaini na Nne ilikuwa na ya tatu, katikati, imefichwa chini ya boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke.

Silinda ile ya kati ndiyo iliyomfanya Fundi awe Fundi. Katikati ya miaka ya sabini, akiwa kijana wa karakana ya reli Tabora, alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea ufundi. Huko, kwenye mji mdogo wenye milima, injini hizo zilikuwa bado zinapiga kazi. Ili kuifikia silinda ya kati ilibidi mtu ajipenyeze kati ya vyuma.

"Waliniuliza kilo zangu," alinisimulia. "Nikadhani ni daktari. Kumbe wananipimia shimo."

Humo ndani alijifunza kusikiliza. Injini ya silinda mbili hupumua mara nne gurudumu linapozunguka mara moja. Ya silinda tatu hupumua mara sita. Pumzi moja ikichelewa kidogo tu, fundi anajua ni silinda ipi yenye tatizo kabla hajagusa spana. Wazee wa karakana ile walikuwa na desturi: fundi akiipokea injini kwa zamu yake, husimama kwanza, hafungui kitu, haongei, anaisikiliza. Waliita kuisalimu. Asiyeisalimu injini hakuaminiwa hata kushika kopo la mafuta.

Desturi hiyo Fundi aliibeba mpaka Scarborough. Alikuwa akisimama kwenye korido na ufagio wake, kichwa amekiinamisha, kisha anagonga mlango wa mtu na kumwambia jokofu lake limebakiza wiki mbili. Watu walicheka, halafu baada ya wiki mbili wakamtafuta. Ndani ya treni ya chini ya ardhi hakutulia kabisa. Tulipanda naye siku moja kwenda mjini, na kabla ya kituo cha pili alinishika mkono: "Unasikia? Gurudumu la behewa hili limelika, lina sehemu bapa. Tak, tak, tak. Hawa watu hawaoni aibu?" Alishuka akamtafuta mfanyakazi wa reli amweleze. Yule mfanyakazi alimsikiliza kwa heshima sana, kwa sababu ya tai, nadhani.

Usidhani alikuwa mtu mtulivu. Mtu aliyeweza kusimama nusu saa akisikiliza bomba hakuweza kungoja maji ya chai yachemke. Alifunua sufuria, akafunika, akafunua, akaiondoa kabla ya wakati, akanywa chai ya vuguvugu na kulalamika kwamba Kanada hawajui kutengeneza jiko. Alinifundisha presha na joto kwa uvumilivu ambao sikuwahi kuwa nao darasani, lakini akicheza bao na mtu anayefikiri sana alikuwa akimchezea mwenzake zamu.

Kijiwe chake kilikuwa duka la Mama Gulzar, kwenye safu ya maduka mbele ya jengo. Mama Gulzar ni Muismailia wa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa na ukali mtamu wa mtu aliyeuza vitu maisha yake yote. Fundi alisimama pale na kupiga mapigo sita juu ya kaunta kwa vidole, polepole, kisha kwa kasi, injini ikipanda mlima.

"Fundi, ukimaliza kuendesha treni juu ya kaunta yangu, uniachie nafasi nipime dengu."

"Inapanda mlima, Mama. Siwezi kuisimamisha hapa."

"Basi ipande ikiwa imebeba huu mchele uniwekee pale juu."

Sasa nikueleze kilichokuwa kikimuumiza, maana kilikuwepo, na wote tulikijua. Chini ya jengo letu kulikuwa na chumba cha boila kubwa iliyopasha joto maghorofa yote. Mlango wake ulikuwa wa chuma, na juu yake kibao kilichosema asiye na leseni haruhusiwi kuingia. Fundi alipiga deki mpaka kwenye kizingiti cha mlango ule, akarudi. Boila iliangaliwa na watu wa kampuni moja waliokuja mara chache, wakakaa kidogo, wakaondoka. Majira ya baridi mabomba yaligonga kama kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa. Fundi alijua kwa nini. Maji yalikuwa yametuama mahali ambapo ulipaswa kupita mvuke mtupu, na kila mvuke ulipoyakuta uliyarusha ukutani. Alizunguka ghorofa hadi ghorofa akiweka sikio kwenye mabomba, akamwambia msimamizi wa jengo, Mreno mmoja mpole, ni bomba lipi na kona ipi. Msimamizi alimshukuru, akawaita wenye leseni. Walitafuta siku tatu. Tatizo walilikuta kwenye kona ileile.

"Unajisikiaje, Fundi?" nilimuuliza.

"Kama daktari anayetibu kwa kupitia dirishani."

Ili aingie mlango ule alihitaji leseni ya kuendesha boila. Ofisi inayohusika ilikubali vyeti vyake vya zamani na miaka yake ya karakana, baada ya barua nyingi. Mtihani, hata hivyo, ilikuwa lazima aufanye. Alikuwa ameshapita miaka sitini. Alitaka kitu kimoja tu kabla mikono yake haijachoka: kuingia chumba kile kwa mlango, kama fundi.

Alifanya mtihani akashindwa. Akafanya tena, akashindwa.

Binti yake Rehema, muuguzi, alinisubiri siku moja kwenye lifti. "Mwalimu, mwambie baba apumzike. Hali vizuri, halali vizuri. Mtu mzima anaaibishwa na karatasi. Wewe atakusikia."

"Anataka mara moja zaidi, dada."

"Moja. Ameniahidi kwa mdomo wake kwamba hiyo ni ya mwisho. Basi msaidie, maana mimi akinieleza hizo valvu nasinzia."

Ndivyo nilivyoanza kukaa naye Jumamosi alasiri, baada ya darasa langu la Kiswahili la watoto. Kwanza nilitaka kujua alishindwa vipi, kwa sababu kwa jinsi alivyoijua boila, kushindwa kwake kulikuwa sawa na samaki kushindwa kuogelea. Mara ya kwanza, nikagundua, maswali yalikuwa kwa vipimo vya Kiingereza, na yeye alibadilisha kila kimoja kuwa vipimo alivyofundishwa Ujerumani, akatafuta jibu, akalirudisha kwenye vipimo vyao. Hesabu zake zilikuwa safi kabisa. Muda uliisha akiwa katikati.

Niliposikia ya mara ya pili nilihitaji kuketi.

"Swali lilisema, ukiingia chumba cha boila kuanza zamu, jambo la kwanza ni lipi," nilimsomea kutoka kitabu cha mazoezi. "A, tazama kiwango cha maji. B, soma daftari la zamu iliyopita. C, tazama moto. D, tazama presha. Uliandika nini?"

"Niliandika E."

"E haipo, Fundi."

"Ndiyo maana niliiandika. Simama mlangoni, funga mdomo, isikilize. Hayo mengine ni baada ya hapo."

Hakuishia hapo. Kwenye kila swali ambalo majibu yake hayakumridhisha aliongeza la kwake, na pembeni ya karatasi akaandika maelezo kwa mwandiko mzuri, ili msahihishaji apate kujifunza.

"Karatasi hiyo inasahihishwa na mashine," nilimwambia. "Mashine haioni pembeni. Inaona kama umejaza kiduara au hukujaza."

Alikisogeza kitabu pembeni. Kisha akasema, kwa unyonge ambao sikuuzoea, "Kwa hiyo hakuna aliyesoma?"

"Hakuna."

"Basi walinifelisha bila kunisikiliza."

Wiki mbili tulivutana. Nilimwambia ajaze A. Alisema A ni kweli nusu, na fundi anayejibu kweli nusu atalipua watu. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa. Iliyoniokoa ni Arobaini na Nne yenyewe.

Kwa sababu Fundi alikuwa na historia ya injini ile kama dawa, na alimpa kila mtu kipande kinachomfaa. Rafiki yangu Mkenya, aliyekuwa mhasibu Nakuru na sasa anapakia maboksi, alipewa kipande cha mwanzo: injini za kwanza zilijengwa miaka ya ishirini, zikawekwa kando. Kulikuwa na ndugu yake, Arobaini na Tatu, mwenye silinda mbili, rahisi kumtunza, na wakubwa walimpenda zaidi. Kwa karibu miaka kumi Arobaini na Nne zilijengwa chache tu. Kisha treni zikawa nzito na za haraka, yule ndugu akaanza kuhema, na wakubwa wakakumbuka mchoro ulio kabatini. Zikajengwa karibu elfu mbili. "Wewe bado uko kabatini," alimwambia yule Mkenya. "Usijikunje tu."

Kipande cha vita hakumpa mtu kama dawa. Alikisema mara moja, kwangu, bila mzaha. Nyingi katika zile elfu mbili zilijengwa wakati wa vita, kwa haraka, na viwanda vya nchi zilizotekwa vililazimishwa kuzijenga pia. Zilivuta mizigo ya vita. "Niliipenda mashine, Mwalimu, na wazee wa karakana walionifundisha waliipenda. Lakini siku moja mmoja wao alinionyesha bati lenye mwaka wa kutengenezwa, akalifunika kwa kiganja, akaenda zake. Sikumuuliza. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake, usiliruke ukiwa unasimulia."

Sijaliruka.

Na Mama Gulzar alipomtania kwamba mtu aliyevuta mlima mzima sasa anagombania kupasha joto bafu za watu, alimpa kipande cha mwisho. Injini nyingi za kule alikosomea zilikuwa zimegeuzwa kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta mazito. Mafuta yalipopanda bei, miaka ya themanini ilipoanza, ziliondolewa njiani. Baadhi hazikukatwa vyuma chakavu papo hapo. Zilisimamishwa kando ya viwanda na karakana, zikaunganishwa mabomba, zikawa zinapasha watu joto. "Boila ni ileile, Mama. Mvuke ni uleule. Ilichopungukiwa ni safari tu."

"Na wewe ulichopungukiwa ni mdomo, au huo bado una presha?"

"Huo una presha ya kutosha jengo zima."

Lakini kipande nilichokihitaji mimi kilikuwa cha katikati. Jumamosi moja nilifunga kitabu nikamwambia, "Nisimulie tena ile habari ya namba."

Alifurahi kupumzishwa. Alieleza kwamba miaka michache kabla hajafika Ujerumani, ofisi zilianza kutumia kompyuta, na kompyuta haikuzitaka namba za zamani. Kila injini ikapewa namba mpya, ndefu zaidi. Mabati yakabadilishwa. Wazee wa karakana walikasirika, wakasema ofisi imeharibu injini. Mpaka yeye anafika walikuwa bado wanaziita kwa namba za zamani, ila kwenye karatasi waliandika mpya.

"Kwa nini waliandika mpya kama hawakuzipenda?"

"Wasingeandika, injini isingeruhusiwa kutoka bandani."

"Na bati jipya lilipofungwa, silinda ya kati iliondoka?"

"Iondokeje?"

"Mapigo sita yakawa matano?"

Alinitazama. Akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika ndani ya ile ovaroli.

"Mwalimu, umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe."

"Jaza kiduara cha A, Fundi. Ili utoke bandani."

"Nitajaza. Lakini sitakipenda."

"Hakuna aliyekuomba ukipende."

Matokeo yalikuja kwa barua. Hakutaka kuifungua nyumbani mbele ya Rehema. Aliileta dukani, akaniita kwa simu, na nilipofika alikuwa ameiweka juu ya kaunta, tai yake imekazwa, mikono nyuma. Mama Gulzar aliichukua, akavaa miwani, akasoma yote mpaka chini. Kisha akavua miwani.

"Pole sana, Fundi."

Fundi alishika ukingo wa kaunta.

"Pole," Mama Gulzar aliendelea, "kwa sababu kuanzia leo huna kisingizio cha kushinda dukani kwangu. Una kazi. Umepita, mzee wewe, umepita!"

Sijui nani alipiga kelele zaidi. Namjua aliyelia, ila aliniomba nisiseme, na alikuwa amefunga tai. Rehema aliposikia aliacha chakula jikoni, akashuka na viatu vya ndani mpaka mtaani kwenye theluji.

Siku ya kwanza ya kazi nilishuka naye. Msimamizi alimkabidhi ufunguo. Fundi alifungua mlango ule wa chuma na kusimama kizingitini, kimya, muda mrefu kiasi kwamba msimamizi aliniuliza kwa ishara kama mzee anaumwa. Nilimwonyesha kidole mdomoni. Baada ya hapo, ndipo Fundi alipokwenda kutazama kiwango cha maji. Aliitunza boila ile kwa majira matano ya baridi, na mabomba hayakugonga tena.

Nilihamia Etobicoke kwa ajili ya kazi, na kutoka huko mpaka Scarborough ni safari ya kumaliza gazeti. Tuliongea kwa simu. Siku ya mwisho nilipokutana naye uso kwa uso alikuwa amestaafu, mwaka elfu mbili na kumi na tano, duka la Mama Gulzar limehamia chumba cha pembeni chenye dirisha kubwa. Fundi alikuwa na fimbo ya kutembelea. Aliketi na Papa mmoja, ndivyo Wakongo wanavyomwita mzee, fundi umeme kutoka Lubumbashi, na mezani kulikuwa na kitabu cha mazoezi ya mtihani wa leseni.

"Lakini Papa, hii swali iko na makosa," yule Mkongo alikuwa akilalamika. "Ile kazi mi nilifanya miaka makumi mbili. Hapana vile."

"Najua ina makosa. Jaza B."

"Nijaze uongo?"

"Jaza jibu lao. Lako andika huku." Akamsogezea daftari. Kisha akaniona. "Mwalimu! Njoo umweleze huyu, mimi uvumilivu wangu umeishia kwenye chai."

Niliketi. Nilitazama lile daftari kabla ya kueleza chochote, na nilipolielewa sikuwa na la kuongeza. Nakupa hapa utaratibu wake kama alivyompa yule Mkongo, kwa sababu huenda na wewe una kazi unayoijua na mtihani usiokujua. Nunua daftari moja. Kila ukurasa wa kushoto andika jibu wanalolitaka, na lisome mpaka likae. Kila ukurasa wa kulia andika unavyojua wewe kutokana na kazi, kwa mwandiko mzuri, kwa lugha yako. Siku ya mtihani nenda na kushoto. Siku ya kazi nenda na zote mbili. Anza na swali la kwanza, leo.